Zambarau ya Sukeroku imekwenda wapi?

Leo safari yetu ni ya Japani, ila tutapitia shambani na jikoni kwanza, kwa hiyo usiogope hata kama hujawahi kufikiria sanaa ya Kijapani maishani mwako.

Rafiki yangu mmoja, dada anayesoma historia ya sanaa, alinitumia picha kwenye simu ikiwa na ujumbe mfupi: "Wewe si mtu wa kemia? Haya, nieleze hii." Ilikuwa picha ya kale ya Kijapani, ya zile zinazopigwa chapa kwa vibao vya mbao. Mwanamume kavaa kimono nyeusi, kasimama kwa madaha, kichwani kafunga kitambaa. Maelezo ya chini yalisema huyu ni Sukeroku, shujaa wa mchezo wa kabuki, anayetambulika kwa kitambaa chake cha zambarau.

Nikakitazama kile kitambaa. Nikakuza picha. Zambarau gani? Mimi niliona kijivu kilichochanganyika na udongo.

Nilidhani ni kioo cha simu yangu. Kumbe wala. Maelezo yalikuwa sahihi, na picha pia ilikuwa sahihi. Zambarau ilikuwepo siku picha ilipouzwa, kisha ikaondoka. Leo nataka tuifuatilie ilikokwenda, kwa sababu mwisho wa safari kuna swali ambalo mimi na rafiki yangu bado tunabishana: je, picha nzuri ambayo kila anayeitazama anaimaliza kidogo, tuitazame au tuifungie?

Kabuki kwa dakika mbili

Kabuki ilianza mwanzoni mwa miaka ya 1600. Historia inamtaja mwanamke mcheza ngoma, Okuni wa Izumo, aliyekusanya watu mjini Kyoto kwa maonyesho yake. Mwaka 1629 serikali ikawakataza wanawake kupanda jukwaani, na tangu hapo nafasi za kike zikawa zinaigizwa na wanaume waitwao onnagata. Mji wa Edo, ambao leo tunauita Tokyo, ulikua ukawa mmoja wa miji mikubwa kabisa duniani, na watu wake walipenda kabuki kama sisi tunavyopenda mpira.

Jambo la kwanza la kujua ni kwamba mwigizaji wa kabuki hufika mahali akaganda. Hadithi inapopamba moto, anapanua miguu, anazungusha shingo, anakaza macho, wakati mwingine jicho moja linapindia kuelekea puani, halafu anatulia kama sanamu. Pembeni mtu anagonga vibao vya mbao: ta-ta! Mashabiki wanapaza sauti kuita jina la nyumba yake ya kisanii. Mkao huo huitwa mie. Ni kama mchezo wenyewe unajisimamisha ili upigwe picha, na wachoraji hawakuiacha nafasi hiyo ipite.

Jambo la pili ni kwamba kwenye kabuki rangi inazungumza. Mistari mekundu usoni ni ya mtu shujaa mwenye damu inayochemka. Mistari ya bluu ni ya mwovu au mzimu mwenye kinyongo. Kahawia ni ya mazimwi. Onnagata walikuwa wakifunika paji la uso kwa kitambaa cha hariri cha zambarau, kwa sababu sheria iliwalazimu kunyoa nywele za mbele kama wanaume wazima wengine.

Na Sukeroku je? Mchezo wake ulionyeshwa kwa mara ya kwanza mwaka 1713, na mwigizaji mkuu alikuwa Ichikawa Danjuro wa Pili. Sukeroku ni kijana mtanashati wa mjini anayezunguka mtaa wa starehe wa Yoshiwara akichokoza ugomvi na kila mwanamume. Ukimtazama unadhani ni mkorofi tu. Ukweli ni kwamba anatafuta upanga wa familia ulioibwa, na njia pekee ya kuuona ni kumkasirisha mwenye upanga mpaka auchomoe. Kitambaa chake cha zambarau kimefungwa upande wa kulia, ishara ya kijana mwenye nguvu. Mtu mgonjwa jukwaani hufungwa kitambaa cha namna hiyo upande wa kushoto.

Kwa hiyo zambarau ikipotea, tumepoteza zaidi ya pambo. Ni sawa na kufuta maneno katikati ya sentensi.

Posta za mastaa

Picha hizi hazikuchorwa kwa ajili ya matajiri wala makumbusho. Zilikuwa posta za mastaa. Mchezo ukianza, wachapishaji wanakimbizana kutoa picha za waigizaji wakiwa katika matukio yale makali, na shabiki anainunua anarudi nayo nyumbani. Kuanzia miaka ya 1760 wachoraji kama Katsukawa Shunsho walianza kuzipa sura halisi za waigizaji, kiasi kwamba mtu aliweza kusema "huyu ni fulani" bila kusoma jina.

Serikali ya wakati huo haikufurahishwa na mambo haya. Mwaka 1842, katika kampeni ya kubana anasa, ilipiga marufuku picha za waigizaji. Amri nyingine ya mwaka huohuo ikaweka ukomo: picha isitumie vibao vya rangi zaidi ya 7 au 8, na bei isizidi mon 16, ambayo ilikuwa bei ya kawaida ya bakuli moja la tambi za soba. Yaani serikali ilihesabu hadi rangi! Mchoraji Utagawa Kuniyoshi akawajibu kwa ujanja: alitoa picha za waigizaji zilizochorwa ovyoovyo kama michoro ya watoto ukutani. Mamlaka zikiuliza, ni michoro ya ukutani tu. Mashabiki walizijua sura zote.

Mchoraji hakugusa rangi

Hapa watu wengi hukosea. Tunasema "picha ya Kuniyoshi" au "picha ya Sharaku" kana kwamba mtu mmoja alikaa akaimaliza. Ukweli ni kwamba ilipita mikono minne.

Mchapishaji anatoa mtaji na wazo. Mchoraji anachora mistari myeusi kwenye karatasi nyembamba. Karatasi hiyo inabandikwa kifudifudi juu ya kibao cha mcheri wa mlimani, mti mgumu wenye nyuzi zilizokaribiana, unaobeba mstari mwembamba kama unywele bila kukatika. Mchongaji anachonga kila mahali pasipo na mstari. Mchoro wenyewe unaharibika katika kazi hiyo, haurudi tena. Kisha vinachongwa vibao vingine, kwa kawaida kimoja kwa kila rangi.

Mpiga chapa ndiye wa mwisho. Anapaka rangi ya maji iliyochanganywa na uji wa mchele juu ya kibao, analaza karatasi yenye unyevunyevu, anasugua mgongo wake kwa kisahani bapa kilichofunikwa ganda la mwanzi, kiitwacho baren. Anainua. Anahamia kibao kinachofuata.

Utajiuliza: rangi 8, vibao 8, mbona hazipishani? Umewahi kuona fulana iliyochapwa vibaya, midomo ya msanii imehamia shavuni? Wajapani walimaliza tatizo hilo kwa alama mbili ndogo zinazochongwa kwenye kila kibao, moja ya kona na nyingine ya mstari mfupi, ziitwazo kento. Karatasi inaegeshwa hapohapo kila mara. Teknolojia hiyo ilikwishakomaa mwaka 1765, picha za rangi nyingi zilipoanza kutoka kwa wingi Edo kwa michoro ya Suzuki Harunobu.

Karatasi nayo ina siri yake. Imetengenezwa kwa nyuzi ndefu za mti wa jamii ya mforosadi, ndiyo maana inavumilia kulowa na kusuguliwa mara nyingi bila kuchanika. Inapakwa gundi ya wanyama iliyochanganywa na shabu ili rangi isitawanyike. Rangi haikai juu kama kwenye ukuta uliopakwa, bali inazama ndani ya nyuzi. Hapo pana uzuri wake, na matatizo yetu pia yanaanzia hapo.

Maua mawili

Sasa turudi kwenye zambarau. Wapiga chapa wa Edo waliipata kwa kuchanganya nyekundu na bluu, kama ulivyofundishwa shule ya msingi. Swali ni nyekundu ipi na bluu ipi.

Nyekundu ilitoka kwenye ua la benibana, mmea wa ukoo wa alizeti wenye petali za manjano na machungwa. Petali hizo zina rangi mbili: ya manjano inayoyeyuka kwenye maji kirahisi, na nyekundu iliyojificha. Unaiosha kwanza ile ya manjano, halafu unaitoa nyekundu kwa maji ya majivu, kisha unaongeza kitu kichachu ili nyekundu ijitenge na kutulia. Ni kemia ya asidi na besi, iliyofanywa na watu ambao hawakuwahi kusikia habari za pH.

Bluu ilitoka kwenye ua ambalo huenda umewahi kuling'oa kwa hasira. Unayajua magugu ya kongwa, yanayotambaa shambani msimu wa mvua yakiwa na vijiua vya bluu? Kisayansi ni jenasi ya Commelina. Wajapani walitumia ndugu yake, Commelina communis. Walikamua petali, wakalowesha karatasi kwa maji yale ya bluu na kuikausha. Mpiga chapa akihitaji rangi anakata kipande, anakilowesha, bluu inatoka.

Umeona tatizo? Rangi inayotoka kwa kuloweshwa tu, itatoka tena ikiloweshwa. Watia rangi vitambaa wa Kyoto waliipenda bluu hii kwa sababu hiyohiyo: waliitumia kuchora mistari ya kuongozea kwenye hariri, wakimaliza wanaisuuza inapotea. Rangi inayosifiwa kwa kupotea ndiyo iliyopewa kazi ya kubeba zambarau ya Sukeroku.

Kwa nini mwanga unaiua rangi

Twende taratibu. Kitu huonekana cha bluu kwa sababu molekuli zake zinameza sehemu ya mwanga, hasa ile ya machungwa na manjano, na kuachia bluu ikufikie machoni. Bila kumeza hakuna rangi.

Lakini mwanga ni nishati, na huja kwa vifurushi vidogo viitwavyo fotoni. Molekuli ikimeza kifurushi, inachangamka. Mara nyingi inatulia tena kwa kutoa joto kidogo, mambo yanaisha. Mara chache, ikiwa bado imechangamka, inagongana na oksijeni au maji, muungano mmoja wa atomi unakatika, na molekuli inakuwa kitu kingine kisichomeza mwanga uleule. Hiyo molekuli moja haina rangi tena. Rudia jambo hilo mabilioni ya mabilioni ya mara, na kitambaa kinakuwa kijivu. Mwanga wa urujuanimno, ule wa jua usioonekana kwa macho, ni mbaya zaidi kwa sababu kila kifurushi chake kina nishati kubwa.

Molekuli za mimea huumia upesi kwa sababu sehemu inayomeza mwanga ni mnyororo mrefu wa atomi za kaboni: kata mahali pamoja, umeharibu yote. Bluu ya kongwa ina muundo wa kupendeza mno, molekuli 6 za aina moja na 6 za aina nyingine zimeshikana kuzunguka ayoni 2 za magnesiamu. Unyevu ukiusambaratisha mkusanyiko huo, bluu inakwenda nao. Inabaki manjano ya vumbi.

Rangi za madini ni watu wa aina nyingine. Bluu ya Berlin, iliyogunduliwa kwa bahati katika mji huo mwanzoni mwa miaka ya 1700, ni mtandao wa fuwele za chuma, kaboni na naitrojeni. Ilipoanza kuingia Japani kwa wingi na kwa bei nafuu, karibu na mwaka 1830, wapiga chapa waliikimbilia. Wakaiita bero, kutokana na jina la Berlin. Ndiyo bluu ya wimbi maarufu la Hokusai ambalo bila shaka umeliona kwenye fulana. Tazama picha za kabuki za kabla na baada ya hapo, utaona ghafla anga na kimono zinakuwa za bluu iliyokolea, na mpaka leo nyingi bado zimekolea.

Kwa hiyo picha moja inazeeka vipande vipande. Masizi meusi ya mistari hayabadiliki. Manjano ya aseniki na salfa hudumu kuliko ya mimea. Rangi ya machungwa ya risasi inaweza kugeuka nyeusi-nyeusi ikikutana na hewa yenye salfa. Nyekundu ya benibana inapauka. Bluu ya kongwa inatoroka kabla ya wote. Zambarau iliyotengenezwa na hizo mbili haina bahati kabisa, maana imeungana na wepesi wawili. Kijani kilichochanganywa kwa bluu ya kongwa na manjano kinabaki manjano.

Chukua picha maarufu kuliko zote za kabuki: Otani Oniji wa Tatu akiwa mtumishi Edobei, ya mwaka 1794. Mchoraji ni Sharaku, aliyechora kwa takriban miezi 10 tu kisha jina lake likatoweka sokoni. Edobei ni jambazi. Yuko tayari kupora fedha alizokabidhiwa mtumishi mwingine. Kidevu mbele, macho yamekaza, viganja viwili vimetoka kifuani vimepanuka. Nyuma yake hakuna kitu, ni weusi unaometameta tu. Huo ni unga wa ulanga, lile jiwe linalobanduka matabaka kama karatasi. Ulanga ni madini, haupauki, na siku hiyo dukani ulimulika chini ya taa ya mafuta kama taa za jukwaa. Lakini nguo za waigizaji wa picha za wakati ule ni suala jingine: nakala moja ina rangi, nakala mwenzake imepauka, ingawa zilitoka kwenye vibao vilevile.

Upelelezi bila kukata karatasi

Tunajuaje yote haya wakati hakuna makumbusho yatakayokuruhusu ukwangue picha ya mwaka 1794?

Njia ya kwanza ni kuimulika kwa eksirei dhaifu. Kila elementi hujibu kwa eksirei yake yenye alama ya kipekee. Ukiona aseniki na salfa, manjano hiyo ni ya madini. Ukiona zebaki, nyekundu ile si ya ua. Ukiona chuma kwenye bluu, huenda ni ya Berlin. Lakini rangi za maua zimejengwa kwa kaboni, hidrojeni na oksijeni, sawa na karatasi yenyewe, hivyo chombo hiki hakizioni.

Njia ya pili ni kupima mwanga unaorudi kutoka kwenye picha, rangi baada ya rangi. Mstari wa kongwa una umbo lake, wa indigo lake. Ukipiga picha kwa infraredi, indigo karibu inatoweka wakati bluu ya Berlin inabaki nyeusi, hata kama kwa macho zinafanana kama pacha. Njia ya tatu ni taa ya urujuanimno: nyekundu ya benibana humeremeta kwa mng'ao wa machungwa hata pale ambapo macho yanaona waridi hafifu.

Vipimo hivi vinasaidia pia kukamata udanganyifu. Mwanzoni mwa karne ya 20, wakati wakusanyaji wa Marekani na Ulaya walikuwa wakilipa fedha nyingi, kulikuwa na picha zilizopauka ambazo zilitiwa rangi upya na kuuzwa kama nzima. Ukikuta bluu ya Berlin imejaa kwenye picha inayodaiwa kupigwa chapa miaka ya 1770, una haki ya kuuliza maswali.

Lakini kwangu faida kubwa ni moja: hata zambarau ikiwa imekufa, mabaki yake yanaweza kusema "hapa palikuwa na benibana na kongwa". Zamani wapenzi wa sanaa wa Ulaya walizisifu picha hizi kwa rangi zake za upole. Upole gani? Kwa picha nyingi, sehemu ya upole huo ni umri. Shabiki wa Edo aliyetoka kumwona Sukeroku jukwaani alinunua kitu kinachowaka.

Sanduku la Boston

Sasa ule ubishi. Mwaka 1921 ndugu wawili, William na John Spaulding, walilipa jumba la makumbusho ya sanaa la Boston, Marekani, picha zipatazo 6,500 za Kijapani, zikiwemo nyingi za waigizaji wa kabuki. Nyingi walizipata kwa mkono wa mbunifu majengo Frank Lloyd Wright, aliyewanunulia Japani mwaka 1913. Zawadi ilikuja na sharti: zisionyeshwe hadharani. Kamwe.

Miaka zaidi ya 100 imepita, na picha hizo bado zina zambarau. Zina waridi na bluu za kongwa ambazo kwingine zimebaki hadithi. Watafiti wanaotaka kujua Edo ilionekanaje huanzia kwenye mkusanyiko kama huo.

Rafiki yangu alikasirika nilipomweleza. "Yaani wazifungie? Picha isiyotazamwa ni picha ya nini? Hizi zilikuwa za watu wa kawaida, za bei ya tambi!"

Nikamwambia tufanye hesabu. Makumbusho kwa kawaida huonyesha kazi za karatasi kwa mwanga hafifu wa laksi 50. Saa 8 kwa siku ni laksi-saa 400. Siku 90 ni laksi-saa 36,000. Jua la saa sita mchana ni karibu laksi 100,000. Kwa hiyo onyesho zima la miezi mitatu ni sawa na kuanika picha juani kwa dakika kama 22, ukiacha ule urujuanimno ambao makumbusho huuchuja.

"Dakika 22 tu!" akasema. "Si ndogo?"

Ni ndogo kwa onyesho moja. Lakini madhara hayafutiki. Karatasi haipumziki ikapona, ikirudi kabatini inabaki pale ilipofikia, na onyesho linalofuata linaanzia hapo. Kupunguza mwanga kunaahirisha tu. Nusu ya mwanga kwa muda mara mbili ni karibu madhara yaleyale. Ndiyo maana makumbusho mengi huonyesha picha hizi miezi michache, halafu huzirudisha gizani kwa miaka.

Nimebadilisha mawazo mara mbili juu ya jambo hili. Mwanzoni nilikuwa upande wa ndugu wa Boston, tufunge. Kisha hoja ya rafiki yangu ikaniuma, kwa sababu picha ya kidijitali, hata iwe nzuri namna gani, haikupi mmeto wa ulanga unapoinamisha kichwa, wala yale mabonyeo yasiyo na wino ambayo mpiga chapa aliyaacha kwenye karatasi ili ukosi uonekane kama kitambaa halisi.

Nilipofika sasa ni hapa: zile hazikuwa picha za pekee, ziliuzwa kwa mamia. Hilo linatupa nafasi ambayo mchoro wa mafuta hautupi. Nakala zilizokwisha pauka zionyeshwe, watu waende wakasimame mbele ya Edobei, weusi wa mistari na ulanga bado vipo. Zile chache zilizobaki na zambarau zifunguliwe kwa uchache sana, zipimwe, zipigwe picha vizuri, na zirudi gizani kwa ajili ya watu ambao bado hawajazaliwa. Rafiki yangu hajakubali. Anasema siku yoyote akipata nauli ya Boston atakwenda kuomba afunguliwe sanduku, hata kwa dakika moja.

Jaribu nyumbani

Kama unadhani natia chumvi, fanya hivi. Manjano tunayoweka kwenye pilau na mchuzi pia ilikuwa kwenye sanduku la wapiga chapa wa Edo, waliitumia kwa rangi yake ya njano. Korogea kijiko kimoja cha manjano kwenye maji ya moto, lowesha kipande cha kitambaa cheupe cha pamba, kikaushe kivulini. Kifunike nusu kwa kadibodi, kiweke kwenye jua la mchana, na ukichungulie kila siku kwa siku tatu. Mama yangu hakuhitaji kemia kujua hili. Kitambaa cha meza kikimwagikiwa mchuzi alikuwa anakifua na kukianika juani, basi.

Ukiondoa kadibodi utaona mpaka ulionyooka kati ya nusu mbili. Upande mmoja ni rangi uliyoweka wewe. Upande wa pili ndio kitambaa cha Sukeroku nilichokiona kwenye simu.